SOMO LA AFYA NA ELIMU YA NAFSI: MAUMIVU YA UTOTO NA MAGONJWA YA UKUBWANI



Somo la leo linahusu wote, lakini zaidi wale wa seksio ya Pedagojia, kwa sababu kesho watakuwa walimu wa watoto wadogo. Ulizo letu ni hili: mambo magumu ambayo mtu ameyapata akiwa mtoto, je, yanaweza kumletea ugonjwa wa kudumu wakati amekuwa mtu mzima?

Jibu kwa ufupi: ndiyo, yanaweza, lakini si lazima. Shikeni yote mawili. Mwenye kushika la kwanza tu atakata tamaa. Mwenye kushika la pili tu atasema kupiga na kutukana mtoto si kitu, atasahau tu. Wote wawili wanakosa.

1. MANENO YA KUFAHAMU KWANZA

a) Ugonjwa wa kudumu. Malaria au kolera inakamata mtu kwa haraka. Anatunzwa anapona, ao anakufa. Ugonjwa wa kudumu unakuja pole pole, unakaa na mtu miaka mingi, na mara nyingi dawa inautuliza bila kuumaliza. Mifano: tansio ya juu, ugonjwa wa sukari, ugonjwa wa moyo, asma, magonjwa mengine ya mapafu, kansa, na huzuni nzito ya roho inayorudi-rudi.

b) Maumivu ya utoto. Hapa hatusemi juu ya mtoto aliyekatazwa kwenda kuogelea ziwani akalia siku moja. Tunasema juu ya mambo mazito au yenye kurudiwa: kupigwa sana, kutukanwa na kudharauliwa kila siku, kutendewa mambo ya aibu katika mwili, kuacha mtoto bila chakula na bila mtu wa kumwangalia, kuona mama anapigwa, kuishi na mlevi nyumbani, kupoteza wazazi, kukimbia vita, kuitwa mlozi.

2. KWETU WATU WANASEMA NINI?

Mtu wa miaka arobaini akianguka kwa tansio, jamaa inakaa na kutafuta sababu. Kwa kawaida tunasikia majibu matatu.

La kwanza: "Wamemuloga." Jibu hili linafanya jamaa itafute mtu wa kushitaki, na mara nyingi anayeshitakiwa ni mjane, mzee au mtoto yatima, ni kusema mtu asiye na nguvu ya kujitetea. Mgonjwa naye anachelewa kufika lopitali.

La pili: "Ni laana ya ukoo, nkambo wao alikufa vile vile." Ni kweli magonjwa fulani yanapita katika damu ya jamaa. Lakini jamaa haipitishi damu tu. Inapitisha pia namna ya kula, ya kunywa, ya kukasirika na ya kulea watoto.

La tatu: "Ni mawazo mingi." Jibu hili liko karibu na ukweli zaidi ya yale mengine. Wazee wetu waliona kwamba roho na mwili havitengani. Mithali 17:22 nayo inaonyesha kwamba hali ya moyo inafika mpaka ndani ya mifupa. Lakini hatuwezi kuishia hapo. Mawazo yanapita wapi ili yafike kwenye moyo na mishipa? Na kwa nini hasa mawazo ya utotoni? Hapo wachunguzi wamefanya kazi kubwa.

3. UCHUNGUZI WA SAN DIEGO

Katika miaka ya 1980 munganga mmoja wa Marekani, Vincent Felitti, alikuwa anatunza watu wenye unene wa kupita kiasi katika mji wa San Diego. Akashangaa: wagonjwa waliokuwa wanafaulu, wanapunguza kilo vizuri, ndio waliokuwa wanaacha matunzo na kukimbia. Alipozungumza nao kwa makini, akakuta kwamba wengi walikuwa wametendewa mabaya wakiwa watoto. Kwa wengine unene ulikuwa kama ukuta wa kujificha nyuma yake. Yeye alikuwa anapigana na unene, kumbe kwa mgonjwa ulikuwa kinga.

Felitti akaungana na munganga Robert Anda wa shirika la afya la serikali ya Marekani. Wakawauliza watu wazima juu ya aina saba za maumivu ya utotoni, kisha wakalinganisha majibu na afya yao. Matokeo ya kwanza yalitangazwa mwaka 1998, kutokana na majibu ya watu 9,508. Tazameni mambo matatu:

- Zaidi ya nusu ya watu hao walikuwa wamepata angalau aina moja. Na hao hawakuwa watu wa vita wala wa njaa. Wengi walikuwa na kazi, masomo na matunzo ya lopitali.

- Kwa kadiri aina zilivyoongezeka, magonjwa nayo yaliongezeka, ngazi kwa ngazi.

- Waliokuwa na aina nne ao zaidi, ukiwalinganisha na wale wasiokuwa na hata moja, walikuwa na ugonjwa wa moyo karibu mara mbili, na ugonjwa wa mapafu wa kudumu karibu mara nne. Kujaribu kujiua kulikuwa mara kumi na mbili.

Wachunguzi wengine wakafanya vile katika inchi nyingine. Shirika la Afya la Ulimwengu likatengeneza maulizo yanayofaa inchi zote, na likaongeza mambo ambayo San Diego haikuyauliza: vita, jeuri ya mtaani, na kuonewa na watoto wenzako. Sisi wa huku tunaelewa kwa nini.

Angalisho: "mara mbili" haina maana ya kwamba kila aliyeumizwa atakuwa mgonjwa. Ukichukua mitumbwi miwili, mmoja mzima na mwingine wenye ufa mdogo, wenye ufa una hatari zaidi ziwani. Lakini wengi wanavuka nao na kufika, zaidi sana kama kuna mtu wa kuchota maji na fundi wa kuziba.

4. MAUMIVU YANAINGIA MWILINI KWA NJIA GANI?

Njia ya kwanza: alama ya hatari ya mwili. Mungu ameweka juu ya kila figo tezi ndogo. Ukisikia risasi usiku, ubongo unatuma habari, na tezi zile zinamwaga damuni maji mawili yenye nguvu: adrenalini na kortizoli. Mara moja moyo unapiga mbio, tansio inapanda, sukari inaingia kwa wingi damuni ili miguu ipate nguvu ya kukimbia. Njaa na usingizi vinaondoka. Hii ni zawadi, inaokoa maisha. Hatari ikipita, yote yanashuka.

Lakini kwa mtoto ambaye hatari iko ndani ya nyumba, haipiti. Baba atarudi amelewa leo, na kesho, na kesho kutwa. Fikirini mota ya boti inayotoka Baraka kwenda Ubwari. Katika mawimbi makali unaifungulia nguvu yote, na ni vizuri. Lakini ukiiacha na nguvu yote mchana na usiku, hata boti ikiwa imefungwa pwani, itaharibika mbele ya wakati wake. Vivyo hivyo tansio na sukari zikipandishwa kila siku, miaka na miaka, mishipa ya damu inachoka. Tena mwili unakaa kama unapigana na kidonda hata kama kidonda hakipo, na mapigano hayo ya ndani yanaumiza mishipa na moyo.

Mbona zaidi kwa mtoto? Kwa sababu ubongo wake unajengwa bado. Matofali mabichi yanashika alama ya kila mguu unaopita juu yake. Mtoto aliyekulia katika hofu anaweza kubaki na alama ya hatari inayolia upesi mno: mlango ukigongwa tu anaruka; mwalimu akiinua sauti, anaacha kusikia somo.

Njia ya pili: mazoea. Mtu mwenye maumivu anatafuta kitu cha kuyatuliza. Huyu anakamata sigara, yule kanyanga, mwingine bangi. Kwa dakika chache inatuliza kweli. Ndiyo sababu anarudi. Lakini tumbako inaharibu mapafu na moyo, na pombe inaharibu ini. Tukimwambia tu "acha, ni zambi", tumeona moshi, hatujaona moto. Tumuulize pia: unatuliza nini?

Njia ya tatu: maisha yenyewe. Mtoto anayeogopa halali vizuri. Asiyelala hasomi vizuri, na asiyemaliza masomo anapata kazi kwa shida. Tena aliyeumizwa na wakubwa hawaamini wakubwa: akiugua anajificha, hafiki kwa munganga mpaka amechelewa.

Njia ya ine: tumbo la mama. Hapa mfano unatoka karibu nasi. Mwaka 2012 wachunguzi wa chuo kikuu cha Florida, pamoja na lopitali ya HEAL Africa ya Goma, walitangaza uchunguzi juu ya wamama 25 na watoto wao wachanga. Waliwauliza wamama juu ya taabu za maisha na za vita wakati wa mimba, kisha wakapima damu. Mama aliyekuwa na taabu nyingi zaidi, mara nyingi mtoto wake alizaliwa na kilo chache. Na katika damu ya watoto walikuta alama juu ya jeni moja ambalo kazi yake ni kutuliza ile alama ya hatari tuliyosema. Jeni lenyewe halikubadilika. Ni kama kitabu ambacho maneno yake ni yale yale, lakini ukurasa mmoja umebandikwa usifunguke vizuri. Wamama 25 ni wachache, hatuwezi kujenga nyumba nzima juu ya tofali moja. Lakini fundisho liko wazi: kumtunza mama mwenye mimba, kumpumzisha, kutompigia makelele, ni kutunza afya ya mtu atakayekuwa na miaka hamsini siku moja.

5. TUANGALIE FIZI NA BARAKA

Katika teritware yetu kizazi baada ya kizazi kimejua kukimbia. Kulikuwa maasi ya 1964. Kisha vita ya 1996 na ile ya 1998, na mauaji ya Makobola kati ya mwisho wa 1998 na mwanzo wa 1999. Watu wengi walivuka Tanganyika mpaka Kigoma, wakaishi katika kambi za Nyarugusu na Lugufu. Kuanzia 2005 wengi walirudishwa kwa meli mpaka Baraka. Watoto waliozaliwa kambini walifika katika inchi ambayo wazazi waliita kwao, na wao hawakujua hata njia ya kisimani. Baada ya hapo mapigano mengine yalifuata, pwani na milimani.

Kumbukeni pia mambo ya mji wa Fizi, tarehe 1 Januari 2011, wakati waaskari walibaka wamama wengi. Mwezi wa Februari mwaka ule ule tribinali ya kijeshi ilikaa Baraka, ikahukumu komanda wao na waaskari wengine. Hukumu ilihusu wakosaji na wale walioumizwa. Sisi katika somo hili tujiulize pia juu ya watoto waliokuwa katika nyumba zile usiku ule. Kuona mama anaumizwa ni moja ya zile aina saba za San Diego.

Mtoto wa Mubembe, wa Mufuliiru, wa Mubuyu, wa Munyamulenge: tezi juu ya figo ni zile zile, na hofu inafanya kazi moja. Katika jambo hili hakuna kabila.

Lakini tusiweke yote juu ya vita. Mapigo mengine yanatoka mikononi mwetu wenyewe. Jirani zetu wa Tanzania walifanya uchunguzi mkubwa mwaka 2009 kati ya vijana wa miaka 13 mpaka 24, katika inchi yenye amani. Karibu robo tatu yao walisema walipigwa au kuumizwa mwilini mbele ya kutimiza miaka 18. Kwa mambo ya aibu ya mwilini, karibu wasichana watatu katika kumi walisema yaliwapata, na kwa wavulana karibu mmoja katika saba. Someni tena: na wavulana. Mvulana aliyetendewa hivyo ananyamaza zaidi, kwa kuogopa kuchekwa.

6. SI KILA UGONJWA UNATOKA KATIKA MAWAZO

Hapa wengi wanakosea, kwa hiyo tusimame kidogo.

Vidonda vya tumbo. Zamani hata waganga wakubwa waliwaza vinatoka katika mawazo na pilipili. Mwaka 1982 Wa-Australia wawili, Barry Marshall na Robin Warren, walifaulu kukuza bakteria inayoishi ndani ya tumbo, wakaonyesha kwamba ndiyo chanzo cha vidonda vingi. Walipata zawadi ya Nobel mwaka 2005. Mara nyingi mtu anaipata bakteria hiyo akiwa mtoto, na kuna dawa ya kuiua. Ndiyo, mahangaiko yanaweza kuongeza maumivu. Lakini mwenye vidonda aende apimwe, asiambiwe tu "punguza mawazo".

Ugonjwa wa moyo unaotoka koo. Mtoto mwenye koo la bakteria asiyetunzwa anaweza kupata homa ya viungo, nayo ikaharibu milango ya moyo. Hapo maumivu ya utoto ni koo, si huzuni.

Anemia ya SS. Inatoka kwa wazazi wote wawili kwa njia ya damu. Si laana, si huzuni, si kosa la mama peke yake.

Kifafa. Ni ugonjwa wa ubongo. Kinaweza kutoka kuumia wakati wa kuzaliwa, malaria ya kichwa, minyoo fulani, ao mapigo ya kichwa. Hakiambukizi kwa mate wala kwa kugusa. Mtoto akianguka, mlaze ubavu, mwondolee vitu vya hatari, usitie kitu mdomoni. Kisha apelekwe kwa munganga, kwa sababu dawa ipo.

Na tukumbuke hili: hata kama maumivu ya utoto yamesaidia kuleta tansio, tansio ikishafika inahitaji dawa ya tansio. Maombi na dawa havigombani. Asiache vidonge kwa sababu amesamehe baba yake.

7. SI LAZIMA: NI NINI KINAMKINGA MTOTO?

Tumesema "yanaweza". Sasa "si lazima".

Katika kisiwa cha Kauai, Hawaii, mwalimu wa elimu ya nafsi Emmy Werner na wenzake walifuata watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955. Hawakuwafuata mwaka mmoja. Waliwafuata mpaka walipopita miaka thelathini na zaidi. Kati ya wale waliokuwa na mizigo mizito (umasikini, ugomvi nyumbani, mzazi mlevi ao mgonjwa wa akili), mmoja katika watatu alikua vizuri, mwenye kazi, mwenye upendo, mwenye kutumainiwa. Walikuwa na nini? Karibu kila mmoja alikuwa na angalau mtu mzima mmoja aliyemjali bila kuchoka. Hakuwa lazima mzazi. Alikuwa nkambo, shangazi, mwalimu, jirani, ao mtu wa kanisa.

Karibu zaidi nasi, mwaka 1954 na 1955 Mary Ainsworth aliishi Uganda, akatembelea mara kwa mara wamama wa vijiji vya karibu na Kampala: wamama 26 na watoto wao wachanga 28. Aliona kwamba mtoto mwenye mama anayesikia kilio chake na kukifahamu, hadekezwi wala haharibiki. Kinyume chake, ndiye anayetambaa mbali bila woga, anatazama vitu, halafu anarudi kwa mama kidogo, anaenda tena. Mama ni kama bandari. Chombo chenye bandari kinathubutu kwenda mbali. Kitabu alichoandika juu ya Waganda wale kilitoka 1967, na mpaka leo kinasomwa katika vyuo vya dunia. Wamama wa Afrika walifundisha dunia jambo hili wakiwa wameketi tu mkekani na watoto wao.

Kwa nini mtu mmoja anatosha kubadilisha? Kwa sababu alama ya hatari ya mtoto inajifunza kushuka mbele ya mtu anayemtuliza. Mtoto akikimbilia kwa nkambo, akapakatwa, akaimbiwa, akapewa bugali na ndagala na kuambiwa "lala, mimi niko", moyo wake unarudi kupiga pole. Akifanyiwa vile mara mia, mwili unajua njia ya kurudi katika utulivu.

Somo hili si geni katika Biblia. Katika Ezekieli sura ya 18, watu wa Israeli walikuwa na mithali juu ya wababa waliokula zabibu na meno ya watoto yaliyoumia. Mungu aliwakataza kuitumia tena. Yaliyotendwa na wazazi yana uzito, lakini hayafungi maisha ya mtoto milele.

8. TUFANYE NINI?

Kwa wewe mwenyewe:

- Kama uliumizwa utotoni, jua kwanza kwamba si kosa lako. Hukulaaniwa, na mwili wako haujaharibika.

- Tafuta mtu mzima mmoja wa kutumainiwa: mwalimu, mchungaji, mama wa kanisa, muuguzi. Sema kadiri unavyoweza. Akikudharau wa kwanza, tafuta wa pili.

- Kama ni jambo la kubakwa, ao limempata mwenzako, fika lopitali mbele ya saa 72 kupita, ni kusema siku tatu, ili upewe dawa za kuzuia virusi vya SIDA. Siku tatu zikipita, fika tu. Matunzo mengine yapo. Katika lopitali ya Panzi ya Bukavu, lopitali ya kanisa la Kiprotestanti iliyofunguliwa mwaka 1999, munganga Denis Mukwege na wenzake waliona kwamba kushona mwili bila kutunza roho haitoshi, wakaweka vyote pamoja. Kwa kazi hiyo alipewa zawadi ya Nobel ya amani mwaka 2018.

- Kama jamaa yako ina tansio ao sukari, pima. Tansio ikibaki 14 juu na 9 chini ao zaidi kila mara inapopimwa, iko juu. Epuka sigara na kanyanga, punguza chumvi, cheza mpira, lala.

Kwa mwenzako: usimlazimishe kueleza yaliyompata, wala usimsimamishe mbele ya watu atoe ushuhuda asipotaka. Kaa naye. Akisema, sikiliza na utunze siri. Lakini kama anasema anataka kujiua, ao kuna mtu anayeendelea kumwumiza, hiyo si siri ya kutunza peke yako. Mwambie mtu mzima siku hiyo hiyo.

Kwa wadogo zako: ninyi wakubwa wa nyumba mnajua jinsi mtoto yatima anavyopewa kazi nyingi na chakula kidogo. Mnajua jinsi yule anayekojoa kitandani anavyochekwa. Kukojoa kitandani mara nyingi ni kukua pole pole, ao ni hofu. Fimbo inaongeza hofu. Na ikisemwa nyumbani, "Huyu mutoto ni mulozi, ndiye aliua mama yake," msinyamaze. Katiba ya 2006, katika fungu la 41, inakataza kushitaki mtoto kwa ulozi. Sheria nambari 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 inaweka azabu ya kifungo kwa mwenye kufanya hivyo, hata kama ni mzazi. Mtoto aliyeitwa mlozi anapoteza vyote mara moja: jina, meza ya kula, kitanda, na ile bandari ya kurudi.

Kwa walimu wa kesho: nizamu inahitajika darasani, hakuna anayekataa. Lakini Waefeso 6:4 inaweka mambo mawili pamoja: kulea katika mafundisho, na kutochokoza mtoto mpaka kukasirika. Mtoto anayesinzia darasani, anayepigana ovyo, anayesahau kila kitu, kabla ya kumwita mpumbavu muulize pembeni: "Jana ulilala wapi? Ulikula nini?" Ulizo kama hilo halina garama, na mwalimu anayeuliza anaweza kuwa yule mtu mmoja.

9. KWA UFUPI

Maumivu mazito ya utoto yanaongeza hatari ya magonjwa ya kudumu kwa njia zinazojulikana: alama ya hatari isiyozimika, mazoea mabaya, maisha yaliyovunjika, na taabu ya mama wakati wa mimba. Si ulozi. Si magonjwa yote. Tena si lazima: mtu mzima mmoja mwenye upendo wa kudumu, matunzo ya lopitali, na nia ya kuacha mabaya tuliyotendewa bila kuyapitisha kwa wadogo, vinabadilisha njia.

MAULIZO YA KUJIBU KATIKA DAFTARI

1. Toa tofauti kati ya malaria na ugonjwa wa kudumu. Toa mifano mitatu ya magonjwa ya kudumu.
2. Adrenalini inafanya nini mwilini? Kwa nini ni nzuri kwa dakika kumi na mbaya kwa miaka kumi?
3. "Uchunguzi wa San Diego unaonyesha kwamba kila mtoto aliyepigwa atapata ugonjwa wa moyo." Ni kweli ao si kweli? Eleza.
4. Jirani ana vidonda vya tumbo, anasema ni mawazo tu. Utamshauri nini?
5. Je, mtu mmoja mzima anaweza kumsaidia mtoto namna gani? Tumia mfano wa Kauai ao wa Uganda.
6. La kufikiri peke yako, bila kuandika: nani alikuwa bandari yako? Na kwa mtoto gani wewe unaweza kuwa bandari mwaka huu?